Kinga ya utando ibuniwe pamoja na kipimio

Mhariri,

Kila vinapozungumzwa vipimio vya kisayansi vinavyokaa chini ya maji, sifa zote huenda kwa kihisi, yaani sehemu inayopima, nacho kifaa cha kukikinga na utando wa viumbe huachwa mwisho, kana kwamba ni shughuli ya fundi atakayekizamisha. Naona huko ni kukosea tangu mwanzo.

Kitu chochote kikitiwa baharini huanza kuvaa tabaka la mabaki ya viumbe ndani ya dakika chache. Bakteria hufuata, kisha mwani usioonekana kwa macho, na hatimaye viumbe wenye magamba wanaoganda kama saruji. Magamba hayanitii hofu sana, maana hayajifichi. Ninachokiogopa ni ule utando mwembamba juu ya kioo cha kihisi, unaopotosha vipimo kidogo kidogo hata mtafiti akaamini kuwa maji ndiyo yaliyochafuka.

Njia za kujikinga zipo. Waipa hufuta vizuri kioo bapa, lakini haiingii katika mrija mwembamba wa kupimia chumvi. Mionzi ya urujuanimno haiachi sumu majini, ila hula betri. Klorini, ambayo huweza kuzalishwa papo hapo kwa kupitisha umeme katika maji ya bahari, hupenya hadi ndani ya mrija, mradi isiwepo wakati wa kupima.

Shaba ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Katika miaka ya 1820, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliambatisha vipande vya chuma na zinki kwenye mabati ya shaba ya merikebu za Uingereza ili shaba isiliwe na maji ya chumvi. Kweli haikuliwa, lakini merikebu zikajaa mwani na magamba, kwa kuwa kinachowazuia viumbe ni ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, za shaba inayoyeyuka. Hata leo, mbunifu akiacha kikinga cha shaba kigusane na zinki inayozuia kutu kwenye fremu, ameiua kinga yake mwenyewe, ilhali kipande cha plastiki cha kuvitenganisha kingetosha. Kosa hilo haliwezi kurekebishwa na fundi aliye ndani ya mashua.

Kwa hiyo nawaomba wanaogharimia vipimio hivi wasiridhike na majaribio ya maabara. Wadai kipimio kikae baharini kwa miezi kadhaa pamoja na kinga yake, na usomaji wake uandikwe kabla ya kusafishwa na mara baada ya kusafishwa.

Fundi wa vipimio vya baharini