Paka wangu ana maradhi mawili, karatasi zake hazijuani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Najua wapo watakaosema watu wanakosa dawa hospitalini na mzee huyu analilia paka. Nimeshayasikia hayo barazani hapa Kibokoni, tena yakisemwa kwa sauti ya juu ili yanifikie.

Paka mwenyewe ni Nahodha, dume aliyehasiwa, miaka 11. Marehemu mke wangu alimwokota Marikiti akiwa bado anaenea ndani ya kofia. Nahodha alianza kwa kutapika na kuharisha, kutwa kucha, miezi. Daktari wa mifugo wa ng'ambo ya daraja akasema utumbo wake umevimba, maradhi yasiyopona bali hutulizwa, akampa vidonge vya prednisoloni. Vikamfaa. Tukapumzika kupiga deki.

Kisha akaanza kunywa maji. Bakuli lake halikumtosha, akawa anapanda kwenye ndoo ya kuogea. Anakula sana na huku mgongo unatoka mifupa. Mimi najidunga insulini mwaka wa tisa huu, kwa hivyo nilipoona sisimizi wamejipanga pale alipokojoa, sikuhitaji kuambiwa. Daktari mwingine, wa karibu na kwangu, akampima sukari ya damu: milimoli 24 kwa lita, juu mno. Akaniandikia insulini asubuhi na jioni, akanieleza pia kwamba vile vidonge vinavyotuliza tumbo ndivyo vinavyopandisha sukari.

Basi nikawa na madaktari wawili na karatasi mbili, zote nimezibandika kwenye mlango wa friji. Ndani ya friji insulini yangu na yake zilikaa rafu moja mpaka mjukuu wangu alipozifunga utepe, wangu wa buluu, wa Nahodha mwekundu. Yake ni ya yuniti 40 kwa mililita, yangu ni 100, na kila moja ina sindano zake. Duka moja la dawa liliniuzia sindano za watu kwa dawa ya paka, na kama si huyo mtoto kusoma maandishi madogo ningekuwa nampa chini ya nusu ya kipimo huku nikilaumu insulini.

Daktari wa tumbo alipopata habari za sukari akaamua vidonge vipunguzwe polepole, na chakula kibadilishwe: nyama ya aina moja ambayo paka hajapata kuila. Sasa paka wa Mombasa, aliyelelewa kwa vichwa vya changu na wali wa nazi, ni nyama gani hajaila? Tukaangukia sungura. Namnunua kwa kijana anayefuga Kisauni, namchemsha bila chumvi wala kitunguu, natia unga wa madini na taurini niliopewa na daktari, maana nyama tupu haimtoshi paka. Wali ukapigwa marufuku. Baada ya majuma mawili kutapika kulikatika karibu kabisa, nikamsifu daktari kwa kila aliyepita barazani.

Kumbe hapo ndipo tulipokuwa tunazama. Vidonge vimepungua, wanga haumo tena chakulani, utumbo umetulia. Kila moja katika hayo hupunguza insulini anayoihitaji paka. Lakini karatasi ya daktari wa sukari ilikuwa bado inasema yuniti 3, asubuhi na jioni. Nami nilikuwa karani wa bandarini miaka 31. Karatasi ikisema tatu, ni tatu.

Siku moja kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia kitu kinagonga mlango wa jikoni. Kilikuwa mguu wa Nahodha. Amelala ubavu, mate yanamtoka, mguu unapiga mlango wenyewe tu kama si wake. Nikamtoboa ukingo wa sikio kwa sindano yangu: 1.9. Hata ukihesabu kwamba mashine ya binadamu humsomea paka chini kidogo, hiyo ni sukari ya kufa. Nikampaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, nikiogopa kummiminia asije akapaliwa. Mjukuu kamshika kichwa, analia kimya kimya. Baadaye Nahodha akafumbua macho vizuri, akanitazama, akaniuma kidole. Nikasema alhamdulillahi, tukaita tuktuk kumpeleka kwa daktari, maana asali haikai mwilini.

Pale tulimkuta daktari kijana. Akachukua bahasha akanichorea: kwa paka, mfereji wa kongosho, ile inayotengeneza insulini, na ule wa nyongo huungana kabla ya kumwagika utumboni, kwa hivyo uvimbe wa utumbo unaweza kupanda mpaka kongosho na ini. Nikamuuliza, "Daktari, kama ni nyumba moja, mbona dawa zake huandikwa kama za paka wawili?" Akacheka. Hakunijibu.

Ndiyo maana naandika. Madaktari wa mifugo, mkigusa dawa ya tumbo au chakula cha paka mwenye sukari, tuandikieni papo hapo sukari ipimwe lini na insulini ishuke kiasi gani. Tuandikieni akikataa kula tufanyeje, na akila kisha akatapika tufanyeje. Pigianeni simu, nambari za wenzenu tunazo sisi, tuulizeni.

Mimi na yule daktari kijana tumetengeneza karatasi moja. Nahodha anakula kwanza, nangoja nusu saa nione chakula kimekaa, ndipo sindano, ambayo sasa ni yuniti 1. Akitapika, simu kwanza.

Jana usiku alipimwa akawa na 9. Mimi nilikuwa na 14, na aliyegombezwa na mjukuu juu ya wali wa nazi safari hii hakuwa paka.

Karani mstaafu,
Kibokoni, Mombasa