Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kelele, Data Ghafi na Nyaya za Chama

Ndugu wanachama,

Nianze na mambo ya kawaida tuyamalize. Ada zimeingia vizuri kuliko nilivyotarajia, hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, na vikao vyetu vya Mbeya mjini havikukosa akidi. Wenzetu wa Iringa wamelalamika kwamba kila kitu kinafanyika Mbeya. Wana haki. Mwakani kikao kimoja kitakwenda kwao.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa ile tuliyokubaliana: kupunguza kelele, yaani mitetemo tusiyoitaka, kwenye data za mitetemo ya ardhi. Kwa faida ya wanachama wapya waliotoka vyuoni, mtafutaji wa mafuta na gesi huitetemesha ardhi kwa baruti au kwa gari zito lenye bamba la kutikisa, kisha hutega jiofoni, vifaa vidogo vya kunasa mtetemo, zisikilize mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Mwangwi huo ukifika juu huwa umekwisha nguvu, na unachanganyika na kelele za upepo, malori, ng'ombe, mashine za kusaga na nyaya za umeme. Halafu kuna kelele tunayoizalisha sisi wenyewe: mawimbi mazito, ya polepole, yanayotambaa juu ya ardhi kutoka pale pale tulipotetemesha. Hayo ndiyo yanayotusumbua kuliko malori yote ya barabara ya Tunduma.

Mafunzo ya vitendo tuliyafanya Uyole, kando ya shamba la mahindi. Udongo wa kule una majivu na kokoto nyepesi za volkano, na ukikauka hunyonya mtetemo. Jiofoni iliyochomekwa kwenye tuta lililolimwa ilitoa mstari wa rekodi uliochafuka mwanzo hadi mwisho. Ikahamishiwa hatua chache tu, kwenye udongo ulioshikana, mstari ukatulia. Hakuna aliyegusa kompyuta. Mchana upepo ulipoanza, mahindi yaliyumba, mizizi ikatikisa udongo, ikabidi tuzifukie jiofoni na kusogea mbali na shamba. Kijana mmoja wa bodaboda alizima pikipiki akatusubiri kwa adabu mpaka tukamaliza kurekodi, kisha akauliza kama tumeona dhahabu.

Upande wa kompyuta tulitumia Seismic Unix, programu isiyo na malipo, pamoja na data za mitetemo za eneo liitwalo F3, kutoka Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi, ambazo ziko wazi kwa yeyote. Mjadala ulikuwa mkali. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani huvuma mara 50 kwa sekunde, na wengi walitaka kulikata eneo hilo la masafa moja kwa moja. Lakini mwangwi wenyewe nao umo humo. Ni afadhali kupima mvumo wa umeme kwenye sehemu ya rekodi kabla mtetemo haujafika, kisha kuutoa huo peke yake.

Kujumlisha rekodi nyingi za mwangwi kutoka nukta moja ya chini ya ardhi, mbinu ambayo Harry Mayne wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1956, bado hakuna cha kuishinda kwa urahisi wake. Rekodi 64 zikijumlishwa, mwangwi huinuka juu ya kelele ya kubahatisha mara 8 zaidi ya kwenye rekodi moja. Ila kelele yenye mpangilio, kama mwangwi unaorudiarudia kati ya tabaka na tabaka, haitii hesabu hiyo.

Vijana wetu wamependa sana programu zinazojifunza zenyewe. Siwakatazi. Ninachodai, na kamati imekubali, ni kwamba anayeleta picha iliyosafishwa alete pia picha ya kile alichokitoa. Mistari ya matabaka ikionekana kwenye takataka, basi kichujio kimekula nyama, yaani kimeondoa mwangwi wenyewe. Na picha safi mno inanitia wasiwasi kuliko yenye mikwaruzo.

Kwa nini data ghafi zitunzwe? Bonde la Rukwa ni mfano wetu wa karibu. Kampuni ya Amoco ilipima bonde hilo miaka ya 1980 na mwaka 1987 ikachimba visima vya Ivuna na Galula. Mafuta hayakupatikana. Habari za gesi ya heliamu bondeni humo zilipotangazwa mwaka 2016, watafutaji wapya walirudi kwenye rekodi zile zile za zamani wakazichakata upya kwa mbinu ambazo hazikuwapo wakati zinarekodiwa. Kama zingehifadhiwa picha zilizochujwa peke yake, wangekuwa na nini cha kuchakata? Kwa hiyo kuanzia sasa kila rekodi ya chama itatunzwa ghafi, nakala mbili, sehemu mbili tofauti, pamoja na daftari la uwandani linaloonyesha hali ya hewa, aina ya udongo na nani alipita.

Diski ya nakala ya pili haijanunuliwa. Naomba mkutano uidhinishe fedha hizo leo, kabla ya chakula, maana baada ya chakula akidi huwa inapungua.

Mwisho, baadhi ya nyaya za jiofoni zilizotoka Uyole hazijarudi stoo. Aliyenazo anajijua, azikabidhi kwa katibu, na asizikunje.