Watumishi watulie kabla ya kufungua mafaili

Ndugu Mhariri,

Hapa Dodoma ukimshauri mtu atunze akili yake, jibu ni moja: "Kwani mimi wa Mirembe?", yaani wa ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Utani huo unatuponza. Msongo wa mawazo hausubiri mtu alazwe. Unaanzia kwenye mabega yaliyokaza, usingizi wa mang'amung'amu na tumbo linalosokota kila tarehe za kodi zikikaribia.

Tahajudi, yaani kukaa kimya na kuifuatilia pumzi yako, haihitaji mganga wala kubadili dini. Ukivuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea. Wazo la madeni likija, hupigani nalo; unaliona, kisha unarudi kwenye pumzi. Kule Marekani, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha tahajudi wagonjwa wenye maumivu sugu mwaka 1979. Kozi yake huchukua wiki 8, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba inapunguza wasiwasi. Presha nayo hushuka kidogo kwa baadhi ya watu, ila dawa zako usiziache!

Nawaomba wakuu wa ofisi za serikali kule Mtumba watenge dakika 10 za namna hii asubuhi. Watumishi wanashuka kwenye daladala wamenuna, vumbi machoni, na anayeumia ni mwananchi aliyefika dirishani. Vyumba vya mikutano vipo, viti vipo. Simu tu ziachwe nje.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma