Barua kwa binamu yangu anayelinda mkuyu

Binamu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kamati ya mazingira ya kijiji imekubaliana kwamba pale chemchemini, kuzunguka mkuyu, hakuna ruhusa ya kukata hata kijiti. Mmezungusha waya, mmesimika kibao, na kazi iliyobaki mnamwachia Mungu. Hongereni, nasema kwa moyo wote. Ila hilo la kumwachia Mungu limenikaa kooni, na nimeona nikujibu hadharani kwa sababu kamati zenye msimamo kama wenu ni nyingi.

Unajua nilikuja Latvia kusomea misitu. Ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, watu wake hawafiki milioni 2, na sijaona kwingine ambako mti mmoja uliosimama nyuma ya zizi la mtu unaweza kuwa na ulinzi wa serikali kwa sababu ya unene wake tu. Unapimwa kwa futikamba, mita 1.3 kutoka ardhini. Mwaloni ukifikisha mzingo wa mita 4 unahesabiwa mti mkuu, hata kama haumo ndani ya hifadhi yoyote. Kuna mti mwingine wanaouita liepa, wenye maua yanayopendwa sana na nyuki. Huo unatosha ukiwa na mita 3.5. Ulinzi hauishii kwenye shina. Unachukua eneo lote lililo chini ya matawi, kisha mita 10 zaidi kuzunguka, ili trekta lisikanyage mizizi wala mtu asichimbe mtaro. Hata mawe yana kiwango chao: jiwe lenye ukubwa wa mita za ujazo 10 haliguswi.

Mwaloni mnene kuliko yote uko Kaive, upande wa Tukums, magharibi mwa nchi. Mzingo wake umepita mita 10. Ukitegemea picha za kalenda utasikitika, maana ni mzee aliyechoka: ndani ni tupu, na sehemu kubwa ya kichwa imekwenda. Lakini majani bado unatoa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mialoni mingi mikubwa ya huku haikukulia msituni. Ilikulia malishoni na kwenye mashamba ya majani yaliyofyekwa kila kiangazi, ndiyo maana matawi yake ya chini ni marefu na yametanda ubavuni. Mti wa namna hiyo unahitaji jua mpaka kiunoni. Kisha mambo yakabadilika. Machi 1949 utawala wa Kisovieti uliwapakia watu zaidi ya 40,000 kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia, wengi wao wakiwa wakulima na familia zao. Waliobaki wakaingizwa kwenye mashamba ya pamoja. Malisho ya pembezoni yakakosa ng'ombe na fyekeo, vichaka vikaota, misprusi, miti mirefu ya jamii ya misonobari, ikafuata. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia misitu ilifunika kama robo ya nchi. Leo ni zaidi ya nusu. Ukisikia hivyo utapiga makofi. Mwaloni wa miaka mia kadhaa, uliozungukwa na misprusi inayoupita kimo, haupigi makofi. Matawi ya chini yanakauka kwanza, halafu ya katikati. Unakufa polepole, na hakuna aliyeugusa.

Aliyelitambua hilo mapema alikuwa mshairi, Imants Ziedonis, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2013. Katika miaka ya 1970 na 1980 alikuwa akitoka na marafiki zake, wenye misumeno na mashoka, wakizunguka vijijini kuifungulia miti mikubwa. Kufungulia maana yake kukata: vichaka, miti michanga, kila kilichousonga mwaloni. Hebu fikiria, mshairi mashuhuri wa taifa anakata miti ili kuokoa mti. Wakati huo kikundi cha watu waliojikusanya wenyewe bila kutumwa na Chama cha Kikomunisti hakikupendwa na wakubwa, lakini nani angemkamata mtu kwa kufyeka kichaka? Mimi naamini kazi ile ilifanya mengi kuliko kibao chochote. Kibao chenyewe wanacho, cha kijani chenye jani la mwaloni jeupe, na kinapendeza.

Ila hawakati ovyo. Mti uliokaa kivulini miaka mingi ukiuanika juani siku moja, gome linaungua na unaweza kufa kwa msaada wako. Wanaondoa kidogo mwaka huu, wanasubiri, wanaondoa tena.

Utaniuliza kuhusu shimo la ndani, maana najua huko shina likiwa na uwazi watu husema mti umeoza, uangushwe usije ukaua mtu. Katikati ya shina ni mbao iliyokwisha kufa zamani. Uhai uko kwenye tabaka la nje karibu na gome. Mti unaweza kuwa kama ngoma na bado ukaishi mamia ya miaka. Tena ule unga wa mbao iliyolegea ndani yake ndio nyumba ya mbawakawa mmoja mkubwa mweusi anayelindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, ambaye hawezi kuishi penginepo ila kwenye mashimo ya miti mizee. Na misonobari ya zamani ina mashimo yaliyochongwa na watu kwa ajili ya nyuki, juu kabisa, mwenye asali akipanda kwa kamba. Wazee wetu wenye mizinga ya magogo wangeelewana nao bila mkalimani.

Mawe nitayapitia haraka, ingawa yana visa. Miamba ya asili ya Latvia iliyo karibu na uso wa ardhi ni mawe mchanga na chokaa. Kwa hiyo kila jiwe la itale unaloliona shambani ni mgeni, lilisukumwa na barafu kutoka pande za Skandinavia na Finland zama za barafu. Kubwa kuliko yote liko Nīcgale, kusini-mashariki, lina mzingo wa mita kama 31. Hadithi za mawe kama hayo zinafanana: shetani alikuwa amelibeba usiku kwenda kuziba mto, jogoo akawika, akalidondosha. (Shetani wa Kilatvia ana nguvu nyingi na bahati mbaya sana.) Mengi yalipasuliwa kujengea misingi ya nyumba, na enzi za Kisovieti, mashamba yalipopanuliwa na kukaushwa kwa mifereji, mengine yalisukumwa pembeni na matingatinga au kulipuliwa.

Mambo ya kuogopa mahali patakatifu yapo pia huku. Mjesuiti mmoja, mtawa wa shirika la Kikatoliki, aliyezuru mashariki mwa nchi aliandika mwaka 1606 kwamba wakulima walikuwa wakipeleka sadaka kwenye miti, wanaume kwenye mwaloni, wanawake kwenye liepa. Kwenye chemchemi waliacha sarafu na vitambaa, na maji ya chemchemi inayotiririka kuelekea mawio yalionekana kufaa kwa kunawia macho. Hofu hiyo ililinda mengi, kama ilivyoulinda mkuyu wetu. Lakini haikuweza kulinda Staburags. Huo ulikuwa mwamba wa chokaa kando ya mto Daugava, wenye kimo cha mita 18 hivi, maji ya chemchemi yakiutiririkia mchana na usiku, na watu wakisema ni msichana aliyegeuka jiwe akimlilia mchumba wake. Katikati ya miaka ya 1960 bwawa la umeme la Pļaviņas lilijaa na ukazama. Mdogo wake yuko Rauna, upande wa Vidzeme, haufiki mita 5. Nimeuona. Maji yanatoka ardhini yakiwa na chokaa iliyoyeyuka, yanapita juu ya vimea laini vya kijani, na chokaa inagandia pale pale, kwa hiyo jiwe linaendelea kukua. Unapita kwenye njia ya mbao, maana nyayo zingelivunja upesi.

Turudi kwetu. Sikuambii uchukue panga kesho. Mkuyu si mwaloni, na vichaka vya chini vinashika udongo wa chemchemi na kuzuia ng'ombe. Vile viacheni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inawapa mita 60 za ulinzi kutoka kwenye maji, hiyo ni hatua kubwa kuliko zile mita 10 za miti ya Walatvia, itumieni. Pimeni mzingo wa shina kwa urefu wa kifua, mwandike na tarehe kwenye daftari la kamati, ili mtu akija na hoja kwamba mti ni wa juzi mumwonyeshe. Uwazi wa shina msiuzibe kwa saruji.

Lakini hilo azimio la kutokata hata kijiti lirudisheni kwenye kikao. Kwa jinsi mlivyoliandika, linalinda pia ile mikaratusi iliyopandwa juu kidogo ya chemchemi, ndani ya mita 60, inayokunywa maji kiangazi na masika bila huruma. Iondoeni kwa awamu, anzeni na iliyo karibu zaidi na maji, mwiteni ofisa misitu wa wilaya aje aweke alama kwanza, na mahali pake pandeni miti ya asili mapema kabla udongo haujaanza kuteremka. Najua ni mikaratusi ya Baba Mdogo, na najua ameihesabu nguzo kwa nguzo. Kumwambia ni kazi yako wewe, mwenyekiti. Mimi niko mbali.

Mpe shikamoo yangu, hiyo unaweza kuanza nayo.