Barua ya wazi kwa vijana wa maabara na famasia, Mwanza

Wanangu,

Kila Oktoba tuzo za Nobel zikitangazwa mnaulizana: ya kwetu lini? Swali si baya. Ila majibu yenu huishia kwenye vyuo vya nje, ufadhili na viza, na hayo hayamwelezi Tu Youyou, mfamasia wa China. Kila anayemeza dawa mseto ya malaria kuanzia Igoma hadi Ukerewe anatibiwa kwa kazi yake, naye hakuwa na shahada ya uzamivu wala hakusomea nje ya nchi yake.

Mwaka 1969 alikabidhiwa kikundi ndani ya mradi wa siri wa kijeshi wa kutafuta dawa ya malaria, ulioitwa 523, kwa kuwa ulianzishwa tarehe 23, mwezi wa 5, 1967. Wakakusanya maelekezo ya tiba za asili zaidi ya 2,000, wakachuja 640, wakajaribu dondoo kama 380 za mimea 200 hivi. Mmea mmoja, artemisia, ulizuia vimelea vya malaria kwa asilimia 68. Waliporudia, ikashuka kati ya 12 na 40.

Wengi wenu hapo mngeandika "haifanyi kazi" na kuhamia mmea mwingine. Yeye alirudi kwenye maandishi. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliagiza artemisia ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja moto popote. Tu akashuku kwamba kuchemsha ndiko kunakoua dawa. Akaanza kuitoa dawa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Akachukua majani peke yake, kwa sababu dawa imo hasa kwenye majani. Kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu na haitibu. Oktoba 4, 1971, sampuli namba 191 ikazuia vimelea kwa asilimia 100 kwa panya, na baadaye kwa tumbili vilevile. Ndani ya molekuli ya dawa hiyo, artemisinini, kuna daraja la oksijeni mbili: madini ya chuma ndani ya kimelea kilichokula damu yanalivunja, na kuvunjika huko ndiko kunakokiua.

(Etha hiyo waliitumia kwenye mapipa ya nyumbani, vyumba havina hewa ya kutosha, na Tu akaugua ini. Hilo msiige. Wala msiende Kirumba kuuza chai ya artemisia: kiasi cha dawa hutofautiana mmea kwa mmea, na WHO haiipendekezi.)

Jambo la pili halisimuliwi sana. Vidonge vya kwanza vilipopelekwa kwa wagonjwa kisiwani Hainan, matokeo yalikuwa mabaya. Kemikali ilikuwa safi. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vigumu, hata kwenye kinu havikusagika vizuri, kwa hiyo tumboni havikuyeyuka. Dawa ileile ikawekwa kwenye kapsuli, ikatibu. Kabla hujailaumu dawa, kagua njia iliyoipitisha. Hata ALu, dawa mseto tunayoitumia tangu 2006, ikimezwa bila chakula chenye mafuta, lumefantrini, dawa ya pili iliyomo ndani yake, hufyonzwa kidogo, na mgonjwa akirudi mnasema dawa imeshindwa.

Sasa heshima. Makala ya 1977 ilitoka bila jina la mtu hata mmoja, kwa desturi ya wakati ule. Tuzo ya Lasker ya Marekani ikaja 2011, nusu ya Nobel ya tiba 2015, akiwa na miaka 84. Wapo waliolalamika kwamba kazi ilikuwa ya mamia ya watu, na hawakukosea. Kilichomtofautisha ni kumbukumbu zilizoonyesha nani aliileta artemisia kwenye mradi, nani aliipata dondoo ya asilimia 100, nani aliijaribu kwa wagonjwa wa kwanza. Basi kabla ya kuvuka kwenda Sengerema kuchukua sampuli, andikeni nani anafanya nini na majina yatafuatanaje. Daftari liwe la kushonwa, kurasa zina namba, kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja kosa lisomeke. Sampuli iliyofeli nayo ipewe namba. Namba 191 ilikuja baada ya nyingine 190.

Na kazi ipo jirani kabisa. Mabadiliko ya vinasaba ya R561H, yanayohusishwa na vimelea kustahimili artemisinini, yameshaonekana Kagera. Kuyafuatilia kunaanza na tone la damu kwenye karatasi ya chujio, na hapo ndipo mnapoharibu. Kwa unyevu wa ziwani, tone hukauka pole pole. Laza karatasi kivulini usiku mzima, usianike juani, usiifungie mfukoni ikiwa bado inang'aa, la sivyo itaota ukungu. Ikikauka, kila moja iwe na mfuko wake na silika, chembe za kunyonya unyevu. Silika ikibadilika rangi, badilisha. Tunzeni hasa tone la siku ya 0, lililochukuliwa kabla ya dawa. Likioza, lile la siku ya 28 haliwezi kukwambia kama vimelea ni vilevile vilivyonusurika dawa au mbu kaleta vingine.

Mzee wenu,
Mwanza