Ile picha si ya silikanti

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu silikanti, yule samaki adimu wa kale, wa Tanga imenishinda kuivumilia. Samaki mliyemweka pichani ni wa aina nyingine, kwa jina la kisayansi Ruvettus pretiosus, ambaye Komoro wanamwita nessa. Mkia wake una panda mbili, ngozi yake inakwaruza kama msasa, na kabla ya mkia ana vipezi vidogo vilivyojitenga, juu na chini. Kuwachanganya si ajabu, maana wote wawili ni wakubwa, weusiweusi, wenye mafuta ya kuharisha, na Wakomoro humnasa silikanti kwa bahati mbaya wanapomtafuta nessa usiku kwa mshipi. Lakini gazeti lilikuwa na wiki nzima ya kuuliza.

Msianze na rangi. Silikanti akiwa hai ni wa samawati yenye mabaka meupe, na mabaka hayo hayafanani kati ya samaki na samaki, kiasi kwamba watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Akishakufa hugeuka kahawia. Anzeni na mkia: una sehemu tatu, na ile ya katikati ni kishungi kidogo kinachochomoza nyuma. Kisha hesabuni mapezi. La kwanza la mgongoni limekaa kama upepeo. La pili la mgongoni, la chini karibu na mkia, mawili ya kifuani na mawili ya tumboni, jumla sita, yamesimama juu ya vikono vya nyama vyenye magamba. Mgeuzeni mtazame kooni. Chini ya taya mtakuta vibao viwili vya mfupa. Pezi moja likikosekana msiharakishe kutoa jina. Mwaka 1952 samaki wa Anjouan, kisiwa cha Komoro, alikosa pezi la kwanza la mgongoni, Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, akampa jina jipya kabisa, Malania, kumbe ni silikanti yuleyule aliyepoteza pezi.

Mwezi uliopita, kwenye diko moja ambalo sitalitaja, aliletwa silikanti halisi. Ofisa aliyekuwa zamu akaandika "chewa" daftarini. Hakupimwa urefu. Mkia ukakatwa ili aenee kwenye tenga, tumbo likapasuliwa, matumbo wakatupiwa paka. Mtu ananiambia hasara iko wapi, si samaki ameshakufa? Hasara ni kwamba silikanti jike hazai mayai, huzaa watoto hai. Mwaka 1991 jike mmoja wa Msumbiji alikutwa na watoto 26 tumboni. Anayetupa matumbo bila kutazama hatajua kama ameua mmoja au ishirini na saba. Na kosa hili ni la zamani: yule wa kwanza kujulikana na wanasayansi, aliyetambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho kule East London, Afrika Kusini, Desemba 1938, alipoteza viungo vyake vya ndani kwa sababu ya joto na uhaba wa dawa ya kumhifadhi. Wao walikuwa na udhuru. Sisi tuna simu zenye kamera na hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyu tangu 2009, halafu tunaandika chewa!

Mmesema pia anaishi "sakafuni kabisa mwa bahari". Hapana. Mchana hujificha kwenye mapango ya miteremko ya miamba, na usiku hutoka kuwinda. Kule Komoro, mtafiti Mjerumani Hans Fricke aliwakuta kwa chombo cha kuzamia, kwenye kina cha mita 150 hadi 250 hivi. Tanga hunaswa hata kwenye maji pungufu ya hapo. Anataka maji ya baridi. Akivutwa juu kwenye joto, matamvua yake madogo hayamtoshi kupata hewa, na kumrudisha majini akiwa hoi mara nyingi hakumwokoi.

Kwa hiyo jambo mliloliacha kabisa ni jarife. Nyavu hizo za papa hutegwa usiku kwenye miteremko ileile, saa zilezile anazotoka. Kumlaumu mvuvi wa kijiji cha Kigombe bila kumwonyesha sehemu nyingine ya kutega ni uonevu, na nyinyi mmemlaumu.

Naomba mchapishe mchoro wa ule mkia wa sehemu tatu, robo ukurasa, siku ya Ijumaa ambayo wavuvi wengi wako nchi kavu. Chini yake andikeni: piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto, weka rula kando; kata kipande cha pezi kama ukucha wa kidole gumba, kitie kwenye spiriti ya asilimia 95, kamwe si formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, maana inaharibu vinasaba; andika kina, saa na aina ya wavu; usipasue tumbo. Na ile picha ya nessa iondoeni.

Msomaji wenu,
Tanga