Simba ya jeshi isifutwe kwenye historia

Ndugu mhariri, salamu kutoka hapa Bombo. Nimechoka kuona kila mtu akitaja Simba FC, timu ya jeshi la Uganda ambayo leo inaitwa UPDF FC, watu wanasema tu "hiyo timu ya Amin" halafu basi, mazungumzo yameisha. Jamani. Ni kweli walichukua ligi 1971, mwaka uleule Idi Amin alipompindua Rais Obote, na ni kweli vijana walivaa jezi ya jeshi ambalo liliua Waganda wengi, hilo hakuna wa kulificha na familia zilizopoteza watu bado ziko. Lakini 1972 hao hao walifika fainali ya klabu bingwa Afrika, wakafungwa na Hafia ya Guinea. Wachezaji si ndo walikuwa wanakimbia uwanjani, sio Amin!

Mzee wangu alikuwa shabiki na mpaka leo akianza kuisimulia ile fainali anashusha sauti, kama vile kuna mtu anasikiliza dirishani, na hiyo inaniuma sana. Naomba gazeti lenu liwatafute wale wazee waliobaki, muwaulize mpira wao na pia hofu yao, vyote viwili, kabla hawajaondoka.

Msomaji wenu, Bombo